Maswali ya Wasomaji: Majitu Mekundu ya Galaksi ya Jirani

Toleo lililopita tuliweka picha ya galaksi kibete inayoitwa NGC 6822, na chini yake mistari michache tu kwamba wanaastronomia wanaitumia kusoma majitu mekundu, yaani nyota zilizozeeka zikavimba, kwa kamera za infraredi, mwanga ambao macho hayauoni. Kumbe watu mna kiu, meseji zimemiminika kweli kweli. Nimechukua zile zinazogusa jambo lenyewe, na zinazofanana nimeziunganisha.

SWALI: Shikamoo mwandishi. Mmeandika galaksi hiyo ni jirani yetu. Jirani gani huyo ambaye mwanga wake unasafiri zaidi ya miaka milioni? Na mbona mtandaoni naona wanaiita galaksi ya Barnard? (Msomaji, Morogoro)

JIBU: Marahaba mwanangu. Iko mbali ndiyo, kama miaka ya mwanga milioni 1.6, lakini kwa mambo ya galaksi hiyo ni mlango wa pili. Andromeda, ambayo ndo galaksi kubwa iliyo karibu nasi, ipo miaka ya mwanga milioni 2.5, na galaksi nyingi unazoziona kwenye picha za darubini ziko mamilioni kwa mamia. Faida ya ujirani huu ni kwamba unaweza kuitenganisha nyota moja moja. Ukienda mbali zaidi nyota zinaungana zinakuwa wingu tu la mwanga, huwezi tena kusema hii ni ya fulani na ile ni ya fulani.

Barnard ni Edward Emerson Barnard, Mmarekani aliyezaliwa Nashville mwaka 1857, baba yake alifariki kabla hajazaliwa na yeye akaanza kibarua studio ya picha akiwa na miaka tisa. Mwaka 1884, bado yuko Nashville na darubini ndogo tu, akaiona galaksi hii kama ukungu hafifu kwenye kundinyota la Mshale. Afu mwaka 1925 Edwin Hubble, akitumia darubini ya mita 2.5 pale Mount Wilson, akachapisha kwamba ameona humo nyota 11 za aina ya Sefeidi, zile zinazong'aa na kufifia kwa mpangilio, na kwa kuzitumia akakadiria umbali wa miaka ya mwanga kama 700,000. Leo tunajua alipunguza kwa zaidi ya nusu, ila hoja yake kubwa ilisimama, kwamba hiki kitu kiko nje kabisa ya Njia Nyeupe, yaani galaksi yetu.

SWALI: Hivi jitu jekundu ni nini hasa? Ni nyota iliyozaliwa kubwa au imevimba baadae? Na Jua letu nalo litafika huko? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Imevimba baadae, na ndiyo, Jua litafika huko, ila ondoa hofu maana tunazungumzia miaka kama bilioni 5 kutoka sasa.

Iko hivi. Nyota kama Jua inaishi muda mrefu wa maisha yake ikigeuza haidrojeni kuwa heliamu katikati ya kiini. Siku haidrojeni ya kiini ikiisha kiini kinajikunja kwa uzito wake, kinapata joto zaidi, haidrojeni inaanza kuungua kwenye tabaka linalozunguka kiini, na huku ndani panavyozidi kuwa moto ngozi ya nje inasukumwa inatanuka na kupoa, ndo maana rangi inahamia kwenye wekundu. Hilo ni jitu jekundu la awamu ya kwanza. Kiini kikifika nyuzi milioni 100 hivi heliamu nayo inawaka, inatoa kaboni na oksijeni, nyota inatulia kidogo, halafu heliamu ya kiini nayo inaisha na nyota inavimba mara ya pili.

Awamu hii ya pili ndo wanaastronomia wanaipenda sana, na mimi pia naomba tuikalie kidogo. Kiini sasa ni kaboni na oksijeni, hakiungui tena, na juu yake kuna matabaka mawili membamba, la heliamu na la haidrojeni, yanapokezana. Tabaka la heliamu haliungui taratibu, linalipuka kwa vipindi, kila baada ya makumi ya maelfu ya miaka hivi, na baada ya mlipuko huo ule mzunguko wa gesi ya nje unashuka chini sana mpaka unachota kaboni iliyopikwa ndani na kuipandisha juu. Kwa hiyo unaona kitu cha ajabu, nyota inaleta usoni vitu ilivyopika tumboni! Ushahidi wake mmoja mzuri sana aliutoa Paul Merrill mwaka 1952 alipoona alama za teknesi, elementi ya mionzi, kwenye mwanga wa nyota za namna hii. Teknesi haidumu, hata ile aina inayodumu muda mrefu inapungua nusu kila baada ya miaka milioni 4 hivi, sasa nyota ina umri wa mabilioni ya miaka, hiyo teknesi ingetoka wapi kama haikutengenezwa humo humo karibuni?

Jitu la awamu hii linaweza kutoa mwanga maelfu ya mara kuliko Jua na kutanuka hadi kuupita mzunguko wa Dunia. Ngozi yake imekaa mbali na kiini kiasi kwamba haishikiki vizuri, gesi inavuja inaenda angani, ikipoa inaganda kuwa vumbi. Kama nyota ina kaboni nyingi vumbi lake ni masizi halisi, kama ina oksijeni nyingi ni silikati, jamaa wa mchanga na mawe. Mwisho ngozi yote inaondoka na kiini kinabaki kikiwa kibete cheupe, nyota ndogo iliyokufa inayopoa taratibu. Kaboni nyingi iliyoko ulimwenguni, pamoja na sehemu ya ile iliyo kwenye mkono ulioshika simu unayosomea hapa, ilipitia njia hii, sasa mtu akiniuliza hizi nyota zina faida gani huwa naanzia hapo.

SWALI: Mi ni fundi kamera. Kwanini infraredi na sio picha ya kawaida? Nijuavyo mimi infraredi ni ya kamera za ulinzi usiku. (Msomaji, Arusha)

JIBU: Fundi, wewe utanielewa haraka kuliko wengine. Chukua rimoti ya TV, ielekeze kwenye kamera ya mbele ya simu, bonyeza, mara nyingi utaona taa ya rimoti inawaka kwenye skrini wakati kwa macho huoni kitu. Huo ni mwanga wa infraredi, wimbi lake lina urefu wa mikroni kama 0.94 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), wakati macho yetu yanaishia mikroni 0.7 hivi.

Sasa, kila kitu chenye joto kina rangi yake ya kung'aa zaidi. Jua lina nyuzi kama 5,500 usoni kwa hiyo linang'aa zaidi kwenye mikroni 0.5, katikati ya mwanga wa macho. Jitu jekundu la nyuzi 3,000 na kushuka kilele chake kinaangukia mikroni 1 au zaidi, yaani sehemu kubwa ya mwanga wake inatoka mahali ambapo kamera ya kawaida haipo kabisa. Ukilipiga picha ya kawaida utaliona dhaifu, utadhani ni nyota ndogo isiyo na maana, kumbe ni miongoni mwa zenye nguvu zaidi kwenye galaksi nzima. Juu ya hapo kuna lile vumbi ambalo nyota imejifunika nalo, linakula mwanga wa macho, linapata joto, linautoa tena kama infraredi. Zipo nyota humo ambazo kwa darubini ya kawaida hazionekani hata kidogo na kwa infraredi zinawaka kuliko zote.

Wanatumia filta tatu hasa, J ya mikroni 1.25, H ya 1.65 na K ya 2.2. Hizo namba hazikuchaguliwa kwa kupenda, mvuke wa maji kwenye hewa yetu unaziba sehemu kubwa ya infraredi na hayo ndo madirisha yaliyobaki wazi, ndo maana darubini hizi zinajengwa milimani na sehemu kavu. Na sensa ya silikoni unayoijua wewe inagoma ikipita mikroni 1.1, kwa hiyo wanatumia sensa za mchanganyiko wa zebaki, kadimi na teluri, na zinapozwa vibaya sana, maana bila hivyo joto la kamera yenyewe litaonekana kwenye picha.

Kinachowatesa zaidi ni anga. Hata usiku wa giza totoro, kilomita karibu 90 juu kuna molekuli za hidroksili zinazong'aa infraredi, na mng'ao huo unabadilika kila dakika chache. Huwezi kufungua shata nusu saa ukaenda kunywa chai. Wanapiga picha fupi fupi nyingi, kila moja darubini inasogezwa kidogo, afu kompyuta inatafuta kile kisichosogea na nyota, ambacho ndo anga, inakitoa, ndipo picha zinajumlishwa. Picha moja safi unayoiona gazetini inaweza kuwa na makumi ya picha ndani yake.

SWALI: Kama majitu mekundu yapo humu humu kwenye galaksi yetu kwanini kuhangaika na galaksi nyingine? Si kupoteza hela za watu? (Msomaji, Dodoma)

JIBU: Hili ndo swali nililokuwa nalisubiri, na jibu lake ni umbali.

Ukikaa ufukweni usiku ukaangalia karabai za wavuvi wa dagaa waliosimama mstari mmoja mbali baharini, taa inayong'aa zaidi ni kweli ina nguvu zaidi, kwa sababu zote ziko umbali karibu ule ule. Lakini taa za mtaani kwako huwezi kuzilinganisha kwa macho hivyo, moja iko mita kumi na nyingine iko kilomita. Njia Nyeupe ndo mtaa wetu, tumo ndani yake. Nyota ikionekana hafifu hujui ni dhaifu au iko mbali au imezibwa na vumbi la katikati, na majitu mekundu hasa ni magumu kuyapimia umbali kwa sababu ni mapana, yanatokota, uso wake haukai sawa. NGC 6822 upana wake ni miaka ya mwanga elfu chache tu ukilinganisha na hiyo milioni 1.6 ya kufika kwake, kwa hiyo nyota zake zote unazichukulia kama ziko umbali mmoja. Ghafla kila kitu kinakuwa wazi, hii ina nguvu mara mbili ya ile, basi.

Unachora grafu, upande huu rangi, yaani tofauti ya J na K, upande huu ung'avu wa K, na nyota zinajipanga zenyewe. Kuna mahali chini pamejaa halafu ghafla panapungua, hapo ndo kilele cha majitu ya awamu ya kwanza, pale heliamu inapowaka. Juu ya mstari huo ni majitu ya awamu ya pili. Nayo yanagawanyika, yenye oksijeni nyingi yanapanda karibu wima, na yenye kaboni nyingi yanachomoka kulia kama mkia, mekundu zaidi.

Sababu ya pili, na kwangu mimi ndo tamu zaidi, ni kwamba galaksi kibete zina vitu vizito vichache. NGC 6822 ina elementi nzito kuliko heliamu chini ya nusu ya kiwango cha Jua. Fikiria maana yake. Kwenye uso wa nyota kaboni na oksijeni zinakamatana mbili mbili, ile iliyo chache inaisha yote na iliyozidi ndo inaamua nyota itakuwaje. Nyota iliyozaliwa na oksijeni kidogo haihitaji kuchotewa kaboni nyingi kutoka ndani, michoto michache tu kaboni imeshaizidi oksijeni na nyota imegeuka nyota ya kaboni. Kwa hiyo galaksi maskini wa elementi nzito zina nyota nyingi za kaboni ukilinganisha na zile za oksijeni, na uwiano huo unaweza kuutumia kinyume, ukahesabu nyota ukajua galaksi ilikuwa na utajiri gani wa kemikali nyota hizo zilipozaliwa. Mwaka 2002 timu moja ilitumia filta maalumu za mwanga wa kawaida ikahesabu humo nyota za kaboni 904. Wengine baadae wakarudia kwa J, H na K, mfano mmoja ni kwa darubini ya UKIRT ya mita 3.8 kule Hawaii.

Hapo kuna ubishi wa kweli na sitaki kuuficha. Uwiano unaoupata unategemea umekata mstari wapi kwenye grafu, ukiusogeza kidogo kushoto au kulia idadi inabadilika sana, kwa sababu kuna nyota za oksijeni zilizojaa vumbi mpaka zinaonekana nyekundu kama za kaboni. Tena galaksi hii iko nyuma ya nyota nyingi za Njia Nyeupe, ukipiga picha unapata vibete vyekundu, yaani nyota ndogo hafifu, vya hapa karibu vimechanganyika na majitu ya kule, inabidi uvichuje, na filta ya H inasaidia maana tofauti ya J na H kwa vibete ni ndogo kuliko kwa majitu. Maoni yangu ni kwamba uwiano uliotoka kwa rangi peke yake uuchukue kwa tahadhari mpaka sehemu ya nyota hizo zikaguliwe kwa spektra, yaani mwanga wao utawanywe rangi moja moja. Darubini ya James Webb imeipiga picha galaksi hii na inasaidia sana hapo, kwa sababu inafika infraredi ya mbali zaidi ambako vumbi la silikati lina alama yake kwenye mikroni 10 hivi, na kabidi ya silikoni inayotoka kwa nyota za kaboni ina yake kwenye 11.3.

SWALI: Ibuti la Jauza, ile nyota nyekundu ya Jabari, ni mojawapo ya hizi? (Msomaji, Bukoba)

JIBU: Hapana dada. Hiyo ni jitu kuu jekundu, ilizaliwa na uzito mara nyingi kuliko Jua na itaishia kwa supanova, yaani mlipuko mkubwa wa nyota. Majitu tunayoyaongelea yalizaliwa na uzito usiozidi mara 8 hivi ya Jua. Ila vumbi wanalo wote, unakumbuka Ibuti la Jauza ilivyofifia mwishoni mwa 2019 mpaka watu wakasema inalipuka, vumbi lilihusika. Ukitaka kuona jitu la awamu ya pili kwa macho yako tafuta Mira, kwenye kundinyota la Nyangumi, inang'aa na kuzimika kila siku 332 hivi, ikiwa juu inaonekana bila darubini na ikiwa chini huioni kabisa.

SWALI: Kazi hizi zote naona Hawaii, Marekani, Webb. Afrika tupo? Na mimi mwanafunzi wa fizikia mwaka wa pili mwenye laptop tu naweza kuanzia wapi? (Msomaji, Nairobi)

JIBU: Tupo, mdogo wangu, na kwenye jambo hili hasa hatupo pembeni. Mwaka 1981 Ian Glass na Tom Lloyd Evans, wakifanya kazi Afrika Kusini, walionyesha kwa nyota 11 za aina ya Mira zilizoko kwenye Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo jirani yetu, kwamba kadri kipindi cha nyota cha kung'aa na kufifia kinavyokuwa kirefu ndivyo inavyokuwa na nguvu zaidi. Nyota 11 tu! Lakini ikafungua njia, kwamba ukijua kipindi cha Mira unajua nguvu yake, ukijua nguvu yake unajua umbali wa galaksi iliyomo. Pale Sutherland, jangwa la Karoo, kwenye kituo cha taifa cha Afrika Kusini, kuna darubini ya infraredi ya mita 1.4 waliyoijenga kwa kushirikiana na Wajapani, inaitwa IRSF, kamera yake inapiga J, H na K kwa mpigo mmoja. Patricia Whitelock na wenzake waliielekeza NGC 6822 mara kwa mara kwa miaka kadhaa, maana nyota inayobadilika kwa siku mia tatu au mia nane huwezi kuijua kwa usiku mmoja, na mwaka 2013 wakachapisha Mira walizozipata humo na umbali wa galaksi uliotokana nazo. Darubini ya mita 1.4 ni ndogo kwa viwango vya leo, lakini ilikuwa yao kwa miaka, na kwa nyota za namna hii muda ni mali kuliko ukubwa wa kioo.

Sasa wewe na laptop yako. Usianze na NGC 6822, nyota zake ni hafifu mno kwa data nyingi za bure. Anza na Wingu Kubwa la Magellan, liko miaka ya mwanga 160,000 tu, na ukiwa sehemu yenye giza jioni za Desemba na Januari utaliona kwa macho chini upande wa kusini. Kuna katalogi ya 2MASS, iliyopigwa kati ya 1997 na 2001 kwa darubini mbili za mita 1.3, moja Arizona nyingine Chile, anga lote kwa J, H na K, na ni bure. Pakua TOPCAT, programu ya kuchambua na kuchora katalogi, nayo ni bure, chukua kipande cha 2MASS katikati ya Wingu, digrii mbili hivi inatosha, chora J kutoa K upande wa chini na K upande wa wima, ugeuze mhimili wa wima kwa sababu namba ndogo ndo nyota kali.

Utaona nguzo mbili tatu za wima kushoto, nyingi zake ni nyota za Njia Nyeupe zilizosimama mbele, achana nazo. Angalia ilipo K kama 12, idadi inashuka ghafla ukipanda juu, hicho ndo kilele cha awamu ya kwanza. Juu yake fuata nyota mpaka J kutoa K ipite 1.4 hivi, utaona mkia unaokwenda kulia kwenye K ya 10.5 mpaka 11, hizo ni nyota za kaboni, na zile zinazoanza kuanguka chini upande wa kulia kabisa ndo zimejifunika masizi yao. Baada ya hapo fanya hivyo hivyo kwa Wingu Dogo la Magellan ulinganishe uwiano, lina elementi nzito chache zaidi kwa hiyo unajua unategemea nini. Ukitaka kuendelea kitaaluma tafuta habari za NASSP, mpango wa uzamili wa astronomia wa Afrika Kusini unaopokea wanafunzi kutoka nchi nyingine za Afrika. Na grafu zako ukishazichora nitumie, nitaziweka hapa hapa toleo linalofuata wenzio nao wazione.